Larry Lurex ndo nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu santuri ya kwanza ya Freddie Mercury bila Queen

Kila nikiitaja hii santuri mbele ya watu naulizwa yaleyale, na kila mara najibu upya kama kasuku, kwa hiyo nimeona niyaweke yote hapa, siku nyingine mtu akiniuliza namtumia tu. Sijayapanga kwa ufundi, nimeyaandika jinsi yanavyonijia.

Haya, huyo Larry Lurex ni nani?

Ni Freddie Mercury. Yuleyule muimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, mtoto wa Mji Mkongwe Unguja, kazaliwa 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi, baba yake mzee Bomi alikuwa keshia Mahakama Kuu enzi za Mwingereza. Mwishoni mwa Juni 1973, kabla dunia haijamjua, ilitoka Uingereza santuri ndogo ya 45 chini ya kampuni ya EMI, namba yake EMI 2030, upande A una "I Can Hear Music" na upande B una "Goin' Back". Kwenye lebo jina la Freddie halipo kabisa, limeandikwa Larry Lurex. Nyimbo zote mbili ni kopi, yani za watu wengine waliozitunga na kuziimba zamani. Hiyo ndo rekodi yake ya kwanza kutoka akiwa peke yake nje ya bendi, na watu wengi wanaodhani alianza mambo ya usolo mwaka 1985 na albamu ya Mr. Bad Guy wamechelewa miaka kumi na mbili.

Mbona asitumie jina lake?

Kwa sababu jina lake lilikuwa na miadi. Kama wiki moja tu baadae, 6 Julai 1973, Queen walikuwa wanatoa singo yao ya kwanza kabisa, "Keep Yourself Alive", EMI hiyohiyo, namba EMI 2036, na albamu yao ya kwanza ikafuata 13 Julai. Sasa hebu fikiria bendi ngeni isiyojulikana na mtu inaingia sokoni afu muimbaji wake huyohyo yuko dukani rafu ya pili na nyimbo za kopi za mapenzi za miaka ya sitini, watu wangechanganyikiwa. Ndo akavalishwa kofia nyingine.

Jina lenyewe ni utani. Wakati ule Uingereza kulikuwa na Gary Glitter, ndo moto wa kuotea mbali, viatu virefu na suti za kumeremeta (huyu baadae alikuja kufungwa kwa kudhalilisha watoto, jina lake siku hizi halitajwi kwa furaha). Lurex ni ule uzi wa kung'aa wanaofumia vitambaa vya sherehe. Kwa hiyo Gary Glitter, Larry Lurex, umeuona mchezo. Kwa mtu alokuwa anauza nguo za mtumba na Roger Taylor, mpiga ngoma wa Queen, pale soko la Kensington, utani wa kitambaa ulikuwa unamkaa vizuri.

Ilirekodiwaje? Walikodi studio?

Hapana, na hapa ndo panaponoga. Queen walikuwa na mkataba na watu wa Trident, studio iliyokuwa Soho, London, kwenye kichochoro kinaitwa St Anne's Court. Studio ya maana, hata Beatles walirekodi "Hey Jude" hapo mwaka 1968. Lakini Queen hawakuwa na hela ya kulipia saa za maana, walikuwa wanapewa mabaki, yani mastaa wakimaliza kazi yao usiku wa manane ndo vijana wanaingia, wanarekodi mpaka alfajiri, kesho tena. Albamu yao ya kwanza ilijengwa hivo, kipande kipande.

Sasa ukikaa kwenye studio masaa yote hayo unasubiri zamu, unaonekana. Pale Trident kulikuwa na injinia na prodyuza anaitwa Robin Geoffrey Cable, jamaa alokuwa kafanya kazi kwenye albamu za mwanzo za Elton John, si mtu wa mchezo. Huyu Cable alikuwa na mradi wake binafsi, anataka kuitengeneza upya ile sauti ya Phil Spector ya Marekani, na alihitaji muimbaji. Na muimbaji alikuwa yuko palepale anasubiri zamu. Hii ilikuwa 1972.

Kwa hiyo ni Queen wote wamo?

Wote kasoro mmoja. Freddie alipoombwa aimbe akawavuta wenzake kwenye "I Can Hear Music": Roger Taylor kwenye vyombo vya kugonga, na Brian May akapiga solo la gita. John Deacon, mpiga besi, hayumo. Ukiisikiliza ukijua hilo, solo la Brian linajitambulisha lenyewe, ile sauti ya gita lake alilolitengeneza na baba yake kwa mkono haifanani na gita lingine, ni kama mtu kavaa buibui lakini umemjua kwa mwendo.

Nyimbo zenyewe ni za nani?

"I Can Hear Music" wameitunga Jeff Barry, Ellie Greenwich na huyohuyo Phil Spector. Walioitoa kwanza ni The Ronettes, kikundi cha akina dada wa New York, mwaka 1966, na Marekani iliishia namba 100, yani iligusa kizingiti ikarudi. Afu 1969 Beach Boys wakaichukua, Carl Wilson akaimba, ikapanda mpaka namba 24 Marekani na namba 10 Uingereza. Kwa hiyo Freddie alikuwa anaimba kopi ya wimbo ambao watu wa Uingereza wengi walishaujua kama kopi.

"Goin' Back" ni ya Gerry Goffin na Carole King. Uingereza aliyeipandisha ni Dusty Springfield, 1966, namba 10 nae. The Byrds wakaiimba baadae, Carole King mwenyewe pia akaiimba kwenye albamu yake ya 1970.

Hiyo sauti ya Phil Spector ina nini cha ajabu?

Wenyewe wanaiita ukuta wa sauti. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, kule Los Angeles studio ya Gold Star, Spector alikuwa hapigishi gita moja, anapigisha matatu manne kwa pamoja noti zilezile, kinanda viwili vitatu, manyanga, njuga, ngoma, watu wamejazana chumba kimoja kama daladala ya saa kumi na mbili jioni, afu sauti yote hiyo anaipitisha kwenye chumba cha mwangwi ndo inarudi imeshikana, husikii tena hiki gita hiki kinanda, unasikia kitu kimoja kikubwa kinakujia. Alikuwa anatengeneza kwa ajili ya redio ndogo, zile za spika moja, ndo maana hata leo nyimbo zile ukizisikia kwenye redio ya fundi viatu bado zinapiga. (Na Spector nae aliishia jela, kwa mauaji, akafariki 2021 akiwa bado mfungwa. Hii santuri ndogo ina mikosi ya majina sijui kwa nini.)

Kumbuka Cable hakuwa na jeshi la wapigaji, kwa hiyo alijenga ukuta wake kwa kupachika, tabaka juu ya tabaka kwenye tepu. Ni njia tofauti kufika kule kule, na kusema kweli ndo njia ambayo Queen wenyewe walikuja kuifanya yao, zile sauti za Bohemian Rhapsody za 1975 zilizorundikwa mpaka unadhani ni kwaya nzima ya kanisa kumbe ni watu watatu.

Upande A unasikikaje kwa mtu ambae hajausikia?

Unasikika kama mtu anajaribu suti ya mtu mwingine, inamkaa, lakini lebo ya fundi bado inachungulia. Freddie anaimba juu, sauti nyembamba ya kitamu, karibu ya kike, maana wimbo ulishaimbwa na akina dada na nafikiri alikuwa anaufuata mwendo wao. Ngoma zinagonga na mwangwi, manyanga yanachekecha nyuma, waitikiaji wanajaa. Inafurahisha. Lakini mi nikimaliza kuisikiliza huwa nimebaki na gita la Brian kichwani, sio Freddie, na kwa santuri ya Freddie hilo ni tatizo.

Na upande B?

Geuza. Hapo ndo pesa yako ilipo.

Kwenye "Goin' Back" Brian na gita lake hayupo, hakuna wa kumpokea, ni Freddie na wimbo. Anaanza taratibu, chini, karibu na maiki, kama mtu anaongea na wewe nyie wawili tu sebuleni watu wengine wamelala. Anayatamka maneno mpaka mwisho, hata zile herufi ndogo za mwisho wa neno anazifunga vizuri (mtu alosomeshwa bweni na Waingereza, utamjua), afu wimbo unapoanza kupanda hapigi kelele, anafungua tu sauti pole pole kama mtu anafungua dirisha la mbao la zamani asije akaamsha watoto. Huyu ni kijana ambae hana hiti hata moja. Hajulikani. Na sauti ile ya "Somebody to Love" na "We Are the Champions" ipo tayari yote humo ndani, imekaa inasubiri nyimbo zake.

Maneno ya wimbo ni ya mtu mzima anaesema anarudi kule alikotoka, kwenye mambo alojifunza vizuri alipokuwa mdogo, siku za kuchezea vitu vya kitoto. Na aliyekuwa anaimba ni mtu alopelekwa bweni India, shule ya St Peter's kule Panchgani, akiwa bado mtoto mdogo, akarudi Unguja 1963, na Mapinduzi ya Januari 1964 yakaikuta familia na wakaondoka kwenda Feltham, nje kidogo ya London. Sisemi alikuwa anaiwaza Forodhani wakati anaimba. Wimbo sio wake na hakuuchagua kwa hadithi yake, ulikuwa mradi wa Cable. Ila mi nikiusikia nikiwa hapahapa Unguja nashindwa kujizuia, nisameheni.

Sasa kopi si ndo kuiba wimbo wa mtu?

Hapana bwana. Kuiba ni kuimba wimbo wa mwenzio ukaandika jina lako kwenye utunzi. Kopi ya halali inaandika majina ya watunzi kwenye lebo, na kila nakala ikiuzwa watunzi wanapata mrabaha wao. Hata sisi tunajua haya mambo, "Malaika" imeimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte, Boney M, na ugomvi mkubwa miaka yote haukuwa kwamba wameimba, ulikuwa nani aliitunga na nani alipwe. Na "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Mombasa nayo Boney M waliichukua. Bendi za hotelini ndo usiseme, mtu anapiga kopi kuanzia saa mbili usiku mpaka watalii wakalale.

Freddie alikuwa na mazoea ya kupiga kopi kabla?

Alianza nazo! Kule Panchgani alikuwa na bendi ya shule inaitwa The Hectics, yeye kwenye piano, wala sio muimbaji mkuu, na walikuwa wanapiga nyimbo za akina Cliff Richard na Little Richard walizozisikia redioni. Watu waliosoma nae wanasimulia kuwa alikuwa akisikia wimbo mara moja redioni anaenda kwenye piano anaupiga. Afu London akapita bendi za Ibex na Sour Milk Sea kabla Queen haijaanza 1970. Wanamuziki wengi wamepitia hapo, huwezi kujua nyumba inajengwaje mpaka umebeba matofali kwenye nyumba za wengine.

Iliuzwa? Ilifika namba ngapi?

Ilibuma. Haikuingia chati Uingereza, na Marekani ilikotolewa na lebo ya Anthem haikuingia mia bora. Ila usimcheke Larry peke yake maana "Keep Yourself Alive" ya Queen nayo haikuingia chati. Kwa hiyo kiangazi cha 1973 Freddie alipigwa mara mbili, mara moja kwa kila jina. Queen walisubiri mpaka 1974 na "Seven Seas of Rhye", namba 10, ndo mlango ukafunguka.

Mbona kwenye ile filamu ya Queen ya 2018, Bohemian Rhapsody, hii kitu haipo?

Na wangeiweka ingewaharibia hadithi. Kwenye filamu wametuonesha Freddie anaenda kufanya kazi ya peke yake miaka ya themanini na wenzake wanavimba kwa hasira. Ukweli ni kwamba Roger alitoa singo yake mwenyewe 1977 (kopi nayo! "I Wanna Testify" ya The Parliaments) na albamu 1981, Brian akatoa mradi wake 1983, Mr. Bad Guy ya Freddie inakuja 1985 watu wote wameshajaribu. Na hii ya 1973 ndo kabisa, maana hao wanaodaiwa kuumia walikuwa ndani ya studio wanampigia.

Cable aliishia wapi? Waliachana?

Hawakuachana mara moja. Kwenye Queen II ya 1974 kuna nyimbo mbili zina mkono wake, "Nevermore" na "Funny How Love Is". Hiyo ya pili isikilize baada ya "I Can Hear Music", moja kwa moja bila kupumzika, utasikia ukuta uleule umejengwa tena ila safari hii kwa wimbo wa Freddie mwenyewe. Mi naona hapo ndo santuri ya Larry ilipolipa.

Aliwahi kuimba kopi tena akiwa peke yake?

Ndio, na safari hii dunia nzima ilisikia. Februari 1987 alitoa "The Great Pretender", wimbo wa The Platters wa 1955, ukafika namba 4 Uingereza. Video yake anajirudia mwenyewe, anavaa nguo za video za zamani za Queen, na Roger Taylor yuko nyuma kavaa gauni na wigi anaitikia. Ukiangalia vizuri ni Larry Lurex uleule, kopi na vazi la kuigiza, tofauti sasa jina halifichwi.

Kuna Kiswahili humo?

Hamna. Watu wananiuliza hili kila mara. Hamna hata neno. Bismillah ya kwenye "Bohemian Rhapsody" ndo kitu cha karibu utakachopata, na hiyo ni wimbo mwingine.

Naipata wapi?

Kama unataka kusikiliza tu, nyimbo zote mbili zimo kwenye boksi la The Solo Collection la mwaka 2000 na kwenye Messenger of the Gods la 2016, lililotoka alipokuwa angetimiza miaka 70. Mtandaoni pia zipo, andika Larry Lurex.

Kama unataka santuri yenyewe ya 1973, tulia kwanza. Kwa vile iliuzwa chache afu mwimbaji akaja kuwa nani sijui, wajanja wameshachapa za bandia nyingi. Mi mwenyewe nimeliwa. Nilinunua kwa mtu mmoja Ulaya, picha safi, maelezo matamu, mzigo umefika natoa kwenye bahasha naona maandishi ya lebo kingo zake zimevimba vimba kama fotokopi ya fotokopi, na ule mchongo wa namba karibu na lebo ambao kwenye santuri ya kiwandani unauona ukiuinamisha kwenye taa, hamna kitu, tupu. Nikaiweka kwenye mashine hivohivo. Inaimba. Ina mchakacho ambao sio wa vumbi, ni mchakacho uliorekodiwa, yani walikopi kutoka kwenye santuri nyingine iliyochoka, kwa hiyo nina kopi ya bandia ya santuri ya kopi ya muimbaji mwenye jina bandia. Muuzaji hajanijibu mpaka leo. Sijaitupa lakini, iko ukutani.

Ushauri wangu omba picha ya karibu ya lebo na ya mchongo, na kama bei ni ya kutupa basi jua na santuri ni ya kutupa.

Ile makumbusho ya Freddie Shangani wanayo?

Makumbusho yapo barabara ya Kenyatta tangu Novemba 2019, nenda kaone, waulize wenyewe.

Ni kweli "Goin' Back" inasikika tena kwenye albamu ya Queen?

Kweli, na wengi wameisikia bila kujua. Mwaka 1991 Freddie akiwa mgonjwa sana alikuwa Montreux, Uswisi, anarekodi chochote atakachoweza, anawaambia wenzake waniandikieni nitaimba. Wimbo mmoja ni "Mother Love". Aliimba beti zake, ilipofika ya mwisho akasema amechoka, atarudi kuimalizia. Hakurudi. Alifariki 24 Novemba 1991, na beti ile ya mwisho akaiimba Brian May, unasikia kabisa sauti imebadilika katikati ya wimbo.

Albamu ilitoka 1995, Made in Heaven. Kwenye mwisho wa "Mother Love" wenzake walipachika vipande vya maisha yake kwenye tepu, unasikia umati wa Wembley 1986 unamuitikia, afu sauti zinazungushwa kwa kasi kurudi nyuma, miaka inapita vuu, na kasi inapotulia inatokea sauti ya kijana, nyepesi, haijachoka, inaimba kwamba anarudi kwenye mambo alojifunza vizuri utotoni. Ndo Larry Lurex huyo, upande B, 1973. Kipande kifupi tu. Kikiisha analia mtoto mchanga, na wimbo unakatika.